Muuzaji Asiye na Haraka

Kunihiro Tokuji alikuwa na miaka arobaini na minne alipofundishwa kubisha hodi. Tulifundishwa pamoja, yeye na mimi na wengine thelathini, katika bwalo la chakula la kiwanda, Hiroshima. Meza zilisukumwa ukutani, na mlango wa mbao ukasimamishwa katikati ya sakafu bila nyumba. Ulibisha, ukataja jina la kampuni, ukainama, ukatoa kadi kwa mikono miwili. Nyuma ya mlango alikaa mtu wa ofisini aliyejifanya mama mwenye nyumba. Zamu ya Kunihiro ilipofika alibisha, mlango ukafunguliwa, akainama, akabaki ameinama. Hakuna neno lililotoka.

"Mama mwenye nyumba anazeeka, Bwana Kunihiro," mtu wa ofisini akasema.

Tulicheka. Kunihiro naye alicheka, bado ameinama, masikio mekundu kama kaa aliyechemshwa.

Kiwanda chetu kilisaidia kuuinua tena mji ule. Mwaka mji ulipoungua kwa bomu, kilima kilikikinga, na kabla majira ya baridi hayajatulemea kilikuwa kinatoa tena malori madogo ya magurudumu matatu, yaliyobeba mbao, mapipa, na mara nyingine wagonjwa. Kunihiro aliingia mwaka uliofuata, kijana wa miaka kumi na sita asiye na baba. Baadaye tukaunda gari dogo ambalo hata mwalimu wa shule aliweza kulinunua. Baadaye tena tukaunda yale yaliyotupa jina: bei ya mtu wa kawaida, lakini ukiyakatisha kona unajikuta unatabasamu peke yako. Kisha ikaja injini isiyo na pistoni. Ndani yake pembetatu ya chuma ilizunguka, laini kama cherehani. Miaka ya mwanzo ilijikwaruza kwa ndani, mistari mistari, nasi tukaiita mistari hiyo makucha ya shetani. Wahandisi waliihesabu kwa vipimo. Kunihiro, aliyekuwa msagaji wa kuta za injini hiyo, aliipapasa kwa dole gumba, akawaambia ilipoanzia kabla vipimo vyao havijasema.

Halafu mafuta yakapanda bei duniani kote, na injini yetu ilikuwa mlevi. Magari yakapangwa safu kwa safu kando ya bahari, majani yakaota kati ya magurudumu. Kampuni haikumfukuza mtu. Ilisema: nendeni miaka miwili mkauze mlichokiunda, mashine zitawangoja.

Mimi na Kunihiro tulipelekwa Osaka, upande wa mashariki, mtaa wa karakana ndogondogo ambako kila nyumba ina mashine moja na mzee mmoja. Tulikaa chumba kimoja cha mikeka minne. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nikamwita kaka mkubwa, naye akaniita Doi tu. Wauzaji wa pale walituita watu wa grisi. Walituigiza tulivyoongea, jinsi watu wa Hiroshima tunavyomaliza sentensi kama tunatua mzigo.

Mimi nilizoea. Nilijifunza kusifu watoto wa watu na mbwa wa watu. Kunihiro hakuzoea. Mwaka wa kwanza aliuza magari manne: mawili kwa shemeji yake, moja kwa binamu, moja kwa kinyozi aliyemwonea huruma. Mwaka wa pili ndugu walikwisha.

Pale tawini palikuwa na ubao mkubwa wenye majina yetu, na kila gari lililosajiliwa lilimpa aliyeliuza ua jekundu la karatasi. Meneja wa tawi, Bwana Karasawa, mwenye miaka thelathini na minne, alikuwa na sharti lake mwenyewe: aliyefunga nusu mwaka bila ua hata moja aliwekewa mezani barua ya kuomba kuacha kazi kwa hiari. Nusu mwaka ule ulifungwa tarehe thelathini na moja Machi. Na Machi hiyohiyo miaka yetu miwili ilikuwa inakwisha. Kunihiro akipata ua moja, Aprili anarudi Hiroshima kwenye mashine yake. Asipopata, hana mashine, na nyumba ya kiwanda anamoishi mkewe Fusae inapewa mtu mwingine. Tangu Oktoba mstari wake ulikuwa mtupu.

Fusae aliandika kila wiki, barua fupi. Katika moja alisema msimamizi amepita nyumbani, ameeleza kuwa mashine ya mume wake imefunikwa turubai na haijapangiwa mtu. Kunihiro aliibeba barua hiyo ndani ya koti mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

"Doi," aliniambia asubuhi moja tukivaa tai, "nikiingia nyumba ya watu, naona nimekuja kuwaibia wakati wao."

"Basi waibie upesi, kaka, utoke na saini."

Alicheka kidogo, kisha akakaa juu ya mkeka na tai mkononi, nikalazimika kumfungia.

Februari, mvua ya theluji ikinyesha, alisimama mbele ya karakana ya skrubu ya mzee Hamaguchi Eizo. Mlango ulikuwa wazi, naye akabisha kwenye fremu. Nilikuwa upande wa pili wa barabara na kadi zangu, nikasikia yote.

"Nani anabisha mlango ulio wazi?" mzee akafoka kutoka nyuma ya mashine.

"Mimi... wa magari."

"Watu wa magari huwa wanaongea. Wewe umemeza ulimi?"

"Mwache mjomba wa watu," sauti ya mwanamke ikasema. "Ingia, mjomba, utaganda. Kuna chai." Huyo alikuwa Yasue, mke wa mzee.

Nilivuka barabara nikaingia nyuma yake, maana chai ni chai. Mzee alimtazama Kunihiro mikono, si uso.

"Hukuzaliwa muuzaji wewe. Ulikuwa unafanya nini?"

"Kusaga, baba. Ndani ya injini. Miaka karibu thelathini."

Mzee akazima mashine. Akachukua bolti mbili kwenye masanduku mawili, akazitupa juu ya kiganja cha Kunihiro. "Ipi mbovu?"

Kunihiro akafumba macho. Akaziviringisha moja moja, dole gumba likitembea juu ya nyuzi zake polepole. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima nilimwona mabega yameshuka.

"Zote nzuri," akasema. "Ila hii ilikatwa mwisho wa siku. Kisu kilikuwa kimechoka."

Mzee Hamaguchi akaichukua bolti ile, akaitazama kwenye mwanga. Kisha akapiga paja lake. "Yasue! Njoo umwone huyu! Nimekaa na wewe miaka arobaini na hujawahi kujua kisu changu kimechoka lini!"

"Najua wewe unachoka lini, inanitosha," Yasue akajibu, akimimina chai.

"Haya, sema. Hayo magari yenu yanakunywa mafuta?"

"Lile la injini ya kuzunguka linakunywa, baba. Kama mjomba kwenye arusi." Kunihiro aliona haya kwa alichosema, akainama. "Lakini pikapu ndogo ina injini ya kawaida. Haina kiu."

"Muuzaji gani anamwita mwanawe mlevi?"

"Yule anayemjua, baba."

Hawakutia saini siku ile. Alirudi mara sita. Hakuuza kitu, alimsaidia mzee kunoa visu, akala tonge za wali alizofungiwa na Yasue. Katikati ya Machi mzee akasema anataka pikapu ndogo, nyeupe, ya kubebea masanduku ya skrubu. Akamkabidhi Kunihiro muhuri wa jina lake ndani ya kifuko cha hariri.

"Gonga panapotakiwa. Mimi sina muda wa maofisi."

Kwetu mtu akikukabidhi muhuri wake amekukabidhi nyumba. Kunihiro aliubeba kwa mikono miwili mpaka kituo cha treni.

Karatasi zote zilikamilika, na gari likafika kutoka Hiroshima tarehe ishirini na tano. Lilibaki jambo moja tu: kupeleka karatasi dirishani, ofisi ya usajili, zipigwe tarehe, na ua lingewekwa. Kunihiro akalizunguka gari kwanza. Akafungua mlango wa dereva, akaufunga. Akaufungua tena, akaufunga, sikio karibu.

"Bawaba imepinda safarini," akasema.

Karasawa alikuja akaujaribu. "Unafunga?"

"Unafunga."

"Basi unafunga. Kasajili."

"Unafunga kwa kulalamika, Bwana Meneja."

"Hakuna mteja duniani atakayesikia."

"Mzee Hamaguchi atasikia."

Muuzaji mwingine yeyote angelipeleka, akabadilisha bawaba mwezi ujao kwenye ukaguzi. Wauzaji huishi hivyo, na magari hayafi. Lakini mtu aliyekaa miaka thelathini kwenye mstari wa kuundia hajui kuachilia kitu ambacho hakijakaa sawa. Huko kwetu mtu huvuta kamba, taa nyekundu ikawaka, na mstari wote ukamngoja. Kunihiro alivuta kamba mahali pasipo na kamba. Aliagiza bawaba, ikafika jioni ya tarehe ishirini na tisa. Akaifunga tarehe thelathini kuanzia asubuhi, akitia na kutoa vibati vyembamba kama karatasi, mpaka mlango ukafunga kwa sauti ya mtu anayeweka kitabu mezani. Alipoinua kichwa, ofisi ya usajili ilikuwa imefungwa nusu saa iliyopita.

"Machi ina siku thelathini na moja, Bwana Kunihiro," Karasawa akamwambia, "si thelathini na tano."

"Kesho nitakuwa wa kwanza, bwana."

Alilala usingizi mzito siku hiyo. Mimi ndiye niliyekaa macho nikimfurahia.

Asubuhi ya thelathini na moja tulipita kwa akina Hamaguchi kwanza, maana ilikuwa njiani, naye alitaka kuwaambia mwenyewe. Alivaa shati jipya. Yasue alikuwa jikoni anakata figili, mzee ameketi anasoma gazeti.

"Kesho asubuhi tunalileta, mama," Kunihiro akasema, na maneno yalitoka bila kukwama. "Leo tunaandikisha, kesho linaingia."

Kisu kikasimama. "Leo mnaandikisha?"

"Leo. Saa tatu nitakuwa dirishani."

Yasue alifuta mikono kwa aproni, akaenda kwenye kalenda iliyoning'inia kando ya friji. Chini ya kila tarehe palikuwa na herufi ndogo zinazosema siku ni ya namna gani, ya heri au ya mkosi. Akaweka kidole.

"Leo ni siku ya Buddha kufa."

Kiwandani hatukuwa na kalenda za namna hiyo. Tulikuwa na zamu ya kwanza, ya pili na ya tatu, na tanuru halikuuliza ni siku gani. Bila shaka tulijua arusi hazifanywi siku hiyo. Lakini gari kwetu lilikuwa kitu kilichotoka mwisho wa mstari kila dakika, mchana na usiku.

"Yasue," mzee akasema taratibu, "gari linaingia kesho. Kesho ni siku ya Heri Kuu. Umeona mwenyewe."

"Gari huzaliwa siku inayoandikwa kwenye karatasi yake. Karatasi hiyo inakaa ndani ya gari mpaka gari life." Hakupandisha sauti. "Ya mwanangu Teruo iliandikwa siku kama ya leo."

Juu ya rafu palikuwa na picha ya kijana mwenye nywele ndefu, na mbele yake kikombe cha wali wa asubuhi, kama anavyowekewa marehemu, bado unatoa mvuke. Tulikuwa tumeiona picha hiyo mara zote na hatukuuliza.

"Pikipiki," Yasue akasema. "Mwaka wa tisa huu. Muuzaji alikuja mwisho wa mwezi, kijana mzuri tu, akapiga magoti hapo uliposimama. Mama, mwezi unafunga leo, nisaidie. Nikaona kalenda, nikasema haya, tusimtese mtoto wa watu. Teruo aliiendesha wiki tatu." Alimtazama Kunihiro moja kwa moja. "Jana alasiri pangefaa. Kesho panafaa. Wewe una haraka, mjomba?"

Nilimtazama Kunihiro. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Jana alasiri alikuwa amelala chini ya mlango na vibati vyake.

"Hapana, mama," akasema. "Sina haraka."

Nilitaka kumpiga teke.

"Unaona?" Yasue akamwambia mume wake, na uso wake ukafunguka. "Nilikwambia huyu si kama wale." Akamfungia figili kwenye karatasi.

Tulipofika kwenye gari nilifunga mlango ndipo nikaongea.

"Umesema nini wewe? Kaka, umesema nini?"

"Endesha, Doi."

"Barua iko mezani kwa Karasawa. Nimeiona kwa macho yangu. Amebakiza tarehe tu."

"Najua. Endesha."

"Rudi ndani umwambie. Ni mama mwenye moyo, atakuelewa."

"Ndiyo maana." Alishika figili kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto. "Nikimwambia atasema haya. Kama alivyosema siku ile."

Aliniomba nimshushe sokoni. Alisema atatafuta mteja mwingine. Nilijua, na yeye alijua, kwamba hata angempata, karatasi za mtu mpya zisingekamilika siku moja. Alishuka hata hivyo.

Niliyoyajua ya mchana ule niliyapata baadaye, mengine kwake, mengine kwa watu. Alibisha kwa daktari wa meno, kwa mwenye duka la mianzi, kwa mwalimu wa chekechea aliyekuwa na watoto kumi na watano wameshikana kamba. Kwa mwenye duka la tambi aliingia wakati wa chakula, watu wamejaa, akainama mpaka paji la uso likakaribia kaunta.

"Bwana, andika leo. Kesho ukighairi sitakulaumu."

"Unataka niandike nini?"

"Gari. Lolote. Jina lako tu."

"Mjomba," mwenye tambi akasema, na watu wakaacha kula, "nenda nyumbani. Unaumwa."

Kwenye simu ya barabarani alimpigia shemeji yake Hiroshima.

"Nina gari lako," shemeji akamwambia. "Na mke wangu ana lake, naye hajui hata kuendesha. Sasa nimnunulie paka?"

"Nakuomba, shemeji."

"Tokuji. Tokuji, unalia? Usilie kwenye simu, nitafanyaje mimi?"

Saa tisa na nusu alasiri nilikuwa ofisi ya usajili na karatasi zangu mbili. Mwisho wa mwezi pale ni vita. Wauzaji wa kila kampuni wamebeba mafaili kifuani, wanasukumana, wanataniana. Saa ya ukutani ilikuwa na sauti. Kunihiro aliingia amelowa mpaka magotini, akaketi kwenye benchi. Alikuwa na bahasha ya Hamaguchi mkononi, na kifuko cha muhuri juu yake.

Nilimaliza yangu, nikaketi kando yake. "Zimegongwa?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Kwa hiyo ni kuzitoa tu."

"Ni kuzitoa tu."

"Basi zitoe. Yule mama atasoma karatasi ya gari lini? Nani anasoma?"

"Atasoma. Litakapoingia tu, atafungua kisanduku asome tarehe."

"Utakuwa Hiroshima. Utakuwa umevaa kofia yako, umesimama kwenye mashine yako, Fusae amekupikia. Kaka, ni herufi ndogo chini ya tarehe. Zilichapishwa na mtu wa kalenda!"

Kunihiro alizilinganisha pembe za bahasha. Akainuka ghafla, akaenda chooni, nikasikia anatapika. Aliporudi uso wake ulikuwa wa rangi ya nta.

"Nilimwambia sina haraka," akasema.

"Ulimdanganya."

"Nilimdanganya. Nikikaa hapa mpaka saa kumi, nitakuwa sikumdanganya."

Zilibaki dakika mbili. Foleni ilikuwa imekwisha. Karani, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo, alitoa kichwa dirishani. "Mjomba mwenye bahasha! Lete, nafunga!"

Kunihiro akasimama. Alivuka ukumbi hatua kwa hatua, akafika dirishani, bahasha mbele yake kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kutoa kadi. Karani akanyoosha mkono. Kwa muda walishika bahasha wote wawili.

"Iachie basi," karani akasema.

"Samahani, dada. Kesho mnafungua saa ngapi?"

"Eti?"

"Kesho."

"Saa tatu kasoro robo. Lakini si unayo hapa? Nina dakika nzima."

"Asante, dada. Samahani kwa usumbufu." Akairudisha kifuani, akainama, akabaki ameinama mpaka kipazia cha chuma kikashuka.

Tawini Karasawa alimsikiliza amesimama. Alikuwa ameacha nafasi kwenye mstari wa Kunihiro na ua tayari mkononi, amelikata mwenyewe.

"Karatasi kamili mkononi," akasema. "Benchi. Nusu saa."

"Ndiyo, bwana."

"Kwa sababu ya kalenda ya jikoni."

"Ndiyo, bwana."

"Niambie uongo wowote, Bwana Kunihiro. Niambie karani aliugua. Niambie treni ilichelewa. Niandike kitu mimi!"

Kunihiro alitafuta. Niliona kabisa anatafuta, macho yanatembea ukutani. "Hakuugua," akasema mwisho.

Karasawa aliketi, akafungua droo. Kunihiro aliisoma barua yote, tangu mwanzo, ingawa ilikuwa mistari minne. Akatoa muhuri wake mwenyewe, ule wa mbao wa bei rahisi, akaupulizia pumzi, akagonga. Jina likatoka limepinda. Aliomba radhi kwa hilo.

Kabla hatujarudi chumbani alisimama kwenye simu ya kituoni. Nilisimama mbali, lakini si mbali vya kutosha.

"Fusae. Umeshakula?" Akasikiliza. "Nilitaka kujua tu kama umekula." Akatia sarafu nyingine. "Sijui. Labda mwisho wa mwezi. Watatuandikia habari za nyumba... Hapana, usianze kufunga vitu leo. Fusae, usianze leo."

Asubuhi ya tarehe moja Aprili alikuwa wa kwanza dirishani, ingawa hakuwa tena mtu wetu. Karasawa alimruhusu, akisema hana muuzaji mwingine anayejua nyumba ile. Gari lilihesabiwa nusu mwaka mpya, bila jina. Kunihiro aliliendesha, mimi nikafuata nyuma na gari la tawi ili nimrudishe.

Jua lilikuwa limetoka. Mzee Hamaguchi alikuwa mlangoni amevaa koti lake la sherehe juu ya suruali ya kazi. Yasue alifungua kisanduku cha gari, akatoa karatasi, akasoma tarehe kwa kidole, akairudisha. Kisha akamwaga pombe ya mchele juu ya kila gurudumu, akanyunyiza chumvi, akaunganisha viganja. Mzee akaufungua mlango wa dereva, akaufunga. Akasimama kusikiliza.

"Sikia hiyo," akasema. "Yasue, sikia hiyo."

"Nimesikia."

"Utakuja mwenyewe mwezi ujao kulikagua?" Yasue akamwuliza Kunihiro.

"Atakuja Doi, mama."

"Huyu? Huyu anatazama saa kila mara." Alinigeukia akacheka, nikacheka pia, mdomo mkavu. "Tunakutaka wewe. Mzee ana visu vyake vinakungoja."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi yote tayari. Kunihiro akanishika mkono wa koti, chini, wasipoona, akanibana mpaka nikaumia.

"Nitajitahidi, mama," akasema, akainama.

Walitusindikiza mpaka ukingo wa barabara, wakasimama wakiinama mpaka tulipokata kona. Tulipoikata tu aliniomba nisimame. Nilisimama. Alishuka, akaenda nyuma ya ukuta wa karakana ya misumari, nami nikamsikia akilia kutoka pale nilipokaa, juu ya kelele za mashine zote za mtaa ule. Nilizima injini nikamngoja.